Jimu tunaangaliana lakini hatusalimiani: tatizo liko kwenye jicho au kwenye mdomo?

Ndugu zangu wa Dodoma na kwingineko, salaam.

Jumanne iliyopita, majira ya saa kumi na mbili jioni, kijana ambaye sikuwahi kumwona aliingia kwenye jimu ninayofanyia mazoezi, maeneo ya Area C. Alikuwa amevaa fulana mpya ambayo mikunjo ya dukani ilikuwa bado haijatoka. Alizunguka chumba kizima mara mbili bila kugusa kitu, kisha akachagua benchi la pembeni kabisa, akalala chali, akashika chuma na kukisukuma mara sita. Akapumzika huku akitazama simu yake, akarudia mara nne, akakaa. Hata dakika ishirini hazijatimia, akachukua begi lake akatoka. Nilimkuta nje kwenye bomba la maji, nikamuuliza kulikoni mbona mapema, naye akanijibu kwa adabu kabisa: "Shikamoo mzee. Nitarudi siku nyingine, leo watu wa humu ndani wananiangalia mno."

Jibu hilo limenikaa rohoni kwa sababu mmoja wa watu hao ni mimi. Nilimwangalia tangu aliposhika chuma mpaka alipokirudisha, na ninajua nilichokuwa nikikitazama: kidole gumba cha mkono wake wa kulia. Alikuwa amekiweka upande mmoja na vile vidole vinne badala ya kukizungusha kwenye chuma, na mtu anayesukuma chuma akiwa amelala chali kwa mshiko wa namna hiyo hana kitu cha kukizuia kisiteleze viganjani na kumwangukia kifuani au shingoni. Niliogopa kwa niaba yake, na nilikuwa tayari kunyanyuka wakati wowote. Lakini sikusema neno. Yeye hakuiona hofu yangu. Aliona macho tu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafakari swali hili, na ningependa tulijadili kwa utulivu. Kwa nini watu wanaangaliana jimu, na kwa nini jicho la jimu linaumiza kuliko jicho la soko la Majengo au la kituo cha daladala, ambako tunatazamwa na watu wengi zaidi?

Nianze na jambo la wazi. Mazoezi ya vyuma, kwa sehemu kubwa, ni kupumzika. Chukua mtu anayefanya seti kumi na tano kwa saa moja, yaani mara kumi na tano za kuinua chuma mfululizo kabla ya kupumzika, kila seti sekunde arobaini. Ukijumlisha, ameinua chuma kwa dakika kumi tu. Dakika hamsini zilizobaki ameketi, ameegemea ukuta, anafuta jasho, anasubiri pumzi irudi au benchi liachwe wazi. Muda wote huo macho yake hayana kazi, na jicho likikosa kazi hufuata chochote kinachocheza mbele yake. Chumba chetu chenyewe si kikubwa, na kuta mbili zina vioo. Ukikutana na macho ya mtu ndani ya kioo unaamini kwamba anakutazama wewe, ilhali mara nyingi anakagua kama mgongo wake umenyooka, na wewe umepita tu kwenye njia ya macho yake.

Maumbile nayo yanachangia. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Kijapani, Hiromi Kobayashi na Shiro Kohshima, walilinganisha jicho la binadamu na macho ya sokwe, nyani na tumbili wa aina nyingi, wakaonyesha kwamba sehemu nyeupe ya jicho letu iko wazi, haina rangi ya kuificha, hivyo mwelekeo wa macho ya mtu unaonekana kwa urahisi. Ndiyo maana mtu akikutazama kwa pembe ya jicho kutoka upande wa pili wa chumba, unajua.

Sababu ninayoipa uzito zaidi, hata hivyo, ni kipimo. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, aliandika kwamba binadamu ana hamu ya kujua uwezo wake umefikia wapi, na anapokosa kipimo cha uhakika hujipima kwa watu wengine, hasa wale anaoona wanakaribiana naye. Waliopitia jimu za mtaani watanielewa bila maelezo marefu. Mimi nilianzia mazoezi Chang'ombe, uani kwa mtu, kwenye vyuma vya kutengeneza wenyewe: bomba la chuma, na katika kila ncha kopo la rangi lililojazwa saruji. Vingine vilikuwa gia za magari zilizotoka gereji. Hakuna aliyejua kopo lile lina kilo ngapi, na la kushoto halikuwa sawa na la kulia. Ukitaka kujua kama umeongeza nguvu, ulitazama ni nani mwingine anakiweza kile cha gia ya lori, anakisukuma mara ngapi, na uso wake unaanza kukunjamana kwenye mara ya ngapi. Jirani ndiye aliyekuwa mizani yetu. Leo ninafanya mazoezi kwenye jimu yenye sahani zilizoandikwa kilo, lakini tabia ile haijaniacha, kwa sababu kilo 60 zenyewe hazikuambii kama ni nyingi au ni chache kwa mwanamume wa miaka arobaini na minane anayeshinda ofisini Mtumba amekaa kitini. Hilo unaambiwa na mtu wa rika lako aliye benchi la pili. Kwa hiyo mzoefu anapomtazama mwenzake, mara nyingi anajisoma mwenyewe.

Kisha kuna nguvu inayotokana na kutazamwa, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo mgeni na mzoefu wanapoachana. Mwaka 1898 Norman Triplett wa Chuo Kikuu cha Indiana alipitia rekodi za mbio za baiskeli akaona kwamba walioendesha pamoja na wenzao walikuwa na kasi kuliko walioendesha peke yao dhidi ya saa. Mwaka 1983 watafiti Worringham na Messick walipima mwendo wa watu waliokuwa wakikimbia kwenye njia ya mazoezi huko California: walipokuta mwanamke ameketi akiwaelekea, waliongeza mwendo, alipokuwa amewapa mgongo, hawakuongeza. Sisi wa kanda ya kati tuna mfano wa nyumbani. Septemba 2025, kwenye mashindano ya dunia ya riadha mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida alimaliza marathoni kwa saa 2:09:48, muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros, na ikabidi picha ya mstari wa mwisho iamue kwa tofauti ya sekunde 0.03. Siamini kwamba mmojawao angeipata kasi ile ya mita za mwisho, baada ya kilomita 42, kama angekuwa anakimbia peke yake.

Lakini jicho hilohilo humharibia asiyezoea. Robert Zajonc alieleza mwaka 1965 kwamba kuwapo kwa watu wengine humsaidia mtu kwenye jambo alilolizoea na humkwaza kwenye jambo analojifunza. Miaka minne baadaye yeye na wenzake walilijaribu kwa mende. Kwenye njia iliyonyooka, mende walikimbia haraka zaidi mbele ya mende wenzao waliowekwa kwenye visanduku vya pembeni kama watazamaji. Kwenye njia yenye kona, iliyohitaji kujifunza, watazamaji walewale waliwachelewesha. Ndivyo ilivyo jimu saa kumi na mbili jioni: macho yaleyale yanamwongezea mzoefu marudio mawili ambayo peke yake asingeyafikisha, na papo hapo yanamfanya mgeni asahau hata upande wa kuvutia hewa. Mzoefu hawezi kuelewa malalamiko ya mgeni, kwa kuwa kinachomuumiza mwenzake yeye kinamlisha.

Ni kweli pia kwamba mgeni huangaliwa kidogo kuliko anavyodhani. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha jaribio ambalo mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji aliyeona haya kuonekana naye, kisha akaingizwa kwenye chumba cha wenzake. Waliovaa walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wameitambua picha ile. Ukweli ulikuwa karibu robo tu. Jumanne ile tulikuwa kama kumi na tano. Nikijaribu kukumbuka kwa haki, waliomtazama yule kijana hawakuzidi wanne.

Pamoja na hayo yote, sidhani kwamba kumwambia kijana habari za jaribio hilo la fulana kungemrudisha ndani. Sisi tumelelewa kwamba jicho na salamu huenda pamoja. Ukipita mbele ya wazee waliokaa barazani pale Kikuyu, ukawatazama na kupita kimya, utaambiwa huna malezi. Fundi aliye juu ya paa, mama aliyebeba ndoo, kibarua anayechimba mtaro wa maji, wote tukiwatazama tunawapa "pole na kazi", na neno hilo fupi linaliondolea jicho letu ubaya. Hata kwenye ngoma ni hivyo. Akina mama wa Kigogo wanapopiga muheme, ngoma zikiwa zimebanwa katikati ya miguu, umati mzima huwakodolea macho, wala hakuna anayeona aibu, kwa sababu mtazamaji analipa: anapiga vigelegele, anatunza, anaitikia. Jimu tumewakusanya watu walio kazini, wanaovuja jasho na kukunja nyuso, tunawatazama kwa saa nzima, tena kwa karibu, na tunanyamaza. Mgeni anapotazamwa na mtu asiyemsalimu, lugha yetu ina tafsiri moja tu ya jambo hilo, nayo ni dharau. Yule kijana alitafsiri sawasawa kwa Kiswahili; sisi ndio tuliokosea kusema.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Ningependa kusikia kutoka kwenu, hasa wenye mtazamo tofauti.

Mkazi wa Nkuhungu:

Mkuu, nimekusoma kwa makini na nakubali habari ya kipimo, lakini ya salamu naipinga. Mimi ninahudumia watu dirishani tangu asubuhi, na kufikia saa kumi jioni nimeshawaitikia watu zaidi ya mia. Jimu ndipo mahali pekee ninapoweka vipokea sauti masikioni na kuwa peke yangu. Salamu ya Kitanzania, kama unavyojua, haiishii kwenye salamu. Utaulizwa habari za kazi, za nyumbani, za watoto, kisha utaulizwa unatumia uji gani, na seti imepoa. Wapo watu ambao ukimya ndio mapumziko yao, na ukimya huo hauna dharau ndani yake.

Dada wa Kisasa:

Kaka, umeandika vizuri, lakini kuna jicho ambalo hukuligusa, na kwetu sisi wanawake ndilo swali lenyewe. Jicho la mtu anayepumzika huondoka ukikutana nalo. Lile lingine hukaa palepale, na ukihama mashine linahama nawe. Kwenye jimu niliyokuwa nikienda awali, fremu ya kuchuchumalia na chuma ilikuwa imewekwa katikati ya chumba, mgongo wa anayechuchumaa ukielekea mabenchi ya wanaume. Kwa miezi mitatu sikufanya zoezi hilo hata mara moja. Nilikuwa nikilipa ada kamili, nikifanya yale tu yanayowezekana nikiwa nimeegemea ukuta, na nikibaki nimevaa dera juu ya suruali ya mazoezi mpaka nihakikishe upande wangu umetulia. Siku moja nilimwona mtu ameisimamisha simu yake kwenye chupa ya maji, kamera ikitazama nilipo. Nilipomuuliza alisema anajirekodi mwenyewe. Sikurudi tena.

Sasa wewe unapendekeza salamu. Kwa mwanamume mwenzio inaweza kuwa dawa, lakini mtu wa aina ninayoieleza ndiyo mlango anaoutafuta. Akishasalimia na nikaitikia, kesho yake anajiona ana haki ya kuja kunishika kiuno akisema ananirekebisha. Kwa hiyo naomba msilifanye jambo hili kuwa la adabu peke yake.

Mwalimu wa mazoezi, Makole:

Nimefundisha mazoezi kwa muda mrefu na kuangalia watu ndiyo kazi yangu, kwa hiyo niseme nilichojifunza. Kwa anayechuchumaa na chuma ninatazama nyayo, magoti na mgongo wa chini, kwa mpangilio huohuo. Kwa aliyelala benchi ninatazama viganja na viwiko. Uso siutazami isipokuwa nikitaka kujua kama pumzi inamwishia, na ninapotazama ninasimama mahali ambapo anayefanya zoezi ananiona. Kumtazama mtu ukiwa nyuma yake hakumfundishi chochote, kunamtia wasiwasi tu. Simgusi mtu kabla ya kumwomba ruhusa, awe mwanamume au mwanamke, na mara nyingi sina haja ya kumgusa: nafanya zoezi hilohilo kando yake bila chuma, naye ananiiga.

Kwa wageni, ninawashauri wiki tatu za mwanzo waje saa nne asubuhi au mchana, wakati chumba kina watu wawili watatu, wajifunze mikao kwa chuma kitupu. Mkao ukishakaa mwilini, waje jioni kwenye watu wengi, na hapo watashangaa kwamba macho yanawasaidia.

Mwanzisha uzi:

Nawashukuru wote, na niwajibu kadiri nilivyoelewa.

Ndugu wa Nkuhungu, sikukusudia maongezi. Mtu anaweza kuinua mkono au kuinamisha kichwa kidogo akaendelea na seti yake, na mwenye vipokea sauti akafanya vivyo hivyo bila kuvivua. Nakubali kabisa kwamba aliye katikati ya kusukuma chuma asisemeshwe. Lakini mlangoni, mtu anapoingia, sioni linalotuzuia.

Dada wa Kisasa, maneno yako yamenilazimisha kurudi nyuma. Niliandika nikifikiria wanaume wawili kwenye benchi, nikadhani nimeandika kuhusu kila mtu. Jicho linalomfuata mtu halisafishwi na salamu, na anayelifanya hilo anapaswa kuambiwa na mwenye jimu mbele ya wenzake, si mwanamke ahame. Kuhusu simu, picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi, na nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo mwenye jimu akipiga marufuku kurekodi watu wengine bila idhini yao hajazua jambo la ajabu. Baada ya kukusoma nilikwenda kuitazama fremu ya jimu yetu kwa mara ya kwanza nikiwa na swali lako kichwani. Ilikuwa imewekwa vilevile ulivyoeleza. Nilizungumza na mwenye jimu, naye akakubali bila ubishi. Jumamosi asubuhi tulikuwa wanne, tukatoa sahani zote, tukaigeuza ili mgongo wa anayechuchumaa uelekee ukuta, na kioo kimoja tukakihamishia mbele yake. Kazi nzima haikufika saa moja. Fremu ile ilikuwa imekaa vibaya kwa miaka yote niliyokuwa mwanachama, na hakuna hata mmoja wetu wanaume aliyekuwa ameona kasoro.

Mwalimu, la kusimama mahali unapoonekana nimelichukua. Jumanne ile mimi nilikuwa nyuma ya kichwa cha yule kijana.

Mmoja wenu ameniuliza kwa ujumbe wa faragha kama yule kijana amerudi. Hajarudi. Nimemwomba dada wa mapokezi, ambaye anamkumbuka kwa ile fulana mpya, kwamba akimwona amwambie nitakuwapo Jumamosi saa nne asubuhi, chumba kikiwa kitupu, na kwamba kama atakuja siku nyingine nisipokuwapo, basi kabla ya kukinyanyua chuma ahakikishe kidole gumba kimekizunguka.